Kabla hujasugua laptopu ya chuma, jua kwanza hilo doa limekaa juu au limeshakula bodi

Kuna dada anafanya kazi kule Mtumba, mji wa serikali, alinijia jioni moja na laptopu kaifunga kwenye kanga kama mtoto mchanga, akaiweka mezani akaifunua taratibu, akasema kaka naomba usinicheke. Sikucheka ila roho iliniuma. Mashine yenyewe nzuri tu, kijivu ya kukolea, bodi ya aluminiamu, kainunua used Kariakoo akaja nayo kwenye treni mpaka Dodoma, sema juu ya mfuniko ilikuwa na stika kubwa ya shule ya huko ilikotoka. Akaibandua, gundi ikabaki, gundi ikaanza kushika vumbi, na vumbi la huku kwetu halihitaji kusimuliwa, siku ya tatu pale palishakuwa na ramani nyeusi ya ile stika. Kijana wa jirani akamwambia dada hiyo kazi ndogo sana, akachukua stiliwaya na ule unga wa kusugulia masinki, akasugua mpaka jasho likamtoka. Gundi ilitoka kweli. Na rangi nayo ikatoka, pakabaki duara jeupe linang'aa kama kitako cha sufuria, ukubwa wa kisosi.

Sasa swali lake: kaka, hili doa jeupe linatolewa na nini?

Halitolewi, kwa sababu pale hakuna kitu cha kutoa. Na hapa ndo watu wengi wanapochanganya, kila kitu wanakiita doa. Kuna doa ambalo ni kitu kimeongezeka juu ya bodi, gundi, mafuta ya mikono, soda, wino, hilo linaondoka ukishajua limetengenezwa na nini. Halafu kuna hili lingine ambalo ni kitu kimepungua, yaani bodi yenyewe imeliwa au imechubuka, hilo kila ukisugua unaliongeza tu ukubwa. Ukikosea hapo mwanzo, hata ununue dawa ya bei gani unafanya kazi ya kuharibu.

Kujua ni lipi wala hakuna gharama. Zima laptopu, chomoa chaja, washa tochi ya simu uilaze pembeni kabisa ili mwanga upite juu ya bodi kama jua la jioni linavyopita juu ya ardhi, utaona kila kitu kina kivuli chake. Halafu pitisha ukucha taratibu kutoka sehemu safi kuingia kwenye doa. Ukucha ukipanda kidogo, au ukanata, kuna kitu juu. Ukishuka au ukakwama kama umeingia mferejini, hapo pamekwaruzika. Ukipita bila kuhisi chochote ila rangi ni tofauti, mara nyingi kuna kemikali imekula au rangi imefubaa, ingawa pia unaweza kuwa ni utando mwembamba wa mafuta au chumvi ya maji, kwahiyo huyu wa tatu mpe nafasi moja ya kufutwa na kitambaa chenye maji kidogo kabla hujamhukumu.

Mbona sufuria tunaisugua kila siku?

Hilo dada aliniuliza na ni swali zuri, maana sufuria nayo ni aluminiamu na tangu tuko wadogo tunaisugua na majivu na mchanga na stiliwaya, inang'aa, mama anafurahi. Ipo hivi. Aluminiamu ikikutana na hewa inajivika gamba lake yenyewe papo hapo, gamba la oksidi, jembamba mno, nanomita chache tu. Ukisugua sufuria unalitoa hilo gamba, na linaota lingine kabla hujamaliza kusuuza. Kwahiyo sufuria haipotezi kitu zaidi ya kukonda kidogo kidogo mpaka siku inatoboka.

Bodi ya laptopu imefanyiwa kitu kingine, kinaitwa anodaizi. Kiwandani wanaizamisha kwenye tangi la asidi ya salfa iliyochanganywa na maji, wanapitisha umeme huku bodi yenyewe ikiwa upande wa chanya, na oksijeni inayotokea pale inashikana na aluminiamu, gamba linakua nene mara maelfu kuliko lile la sufuria. Kwa vitu vya kawaida linakuwa kama maikromita 5 mpaka 25, na unywele wa mtu uko kama 70 hivi, yaani nene kwa maana ya gamba lakini bado jembamba kuliko unywele. Gamba hilo linakua likiwa na vitundu vidogo vidogo kama sega la nyuki. Rangi ya kijivu, dhahabu, bluu, wanaiingiza humo kwenye vitundu, halafu wanaviziba kwa maji ya moto. Kwahiyo ile rangi haijapakwa juu, imekaa ndani ya gamba. Ukilitoa gamba umetoa na rangi, na gamba la namna hiyo haliwezi kuota tena juu ya meza yako kwa sababu huna tangi wala asidi wala huo umeme. Linaota lile la sufuria. Ndo maana lile duara la dada linang'aa kama sufuria, ni sufuria kweli pale.

Na gamba lenyewe ni gumu, tena sana. Oksidi ya aluminiamu ndo hiyohiyo inayotengeneza rubi na safaya, zile rubi za Winza kule Mpwapwa zilizovuma 2008 watu wakahamia na mahema, kikemia ni oksidi ya aluminiamu yenye chembe za kromiamu. Sasa mtu akisikia hivyo anasema kumbe bodi yangu ni ngumu kama rubi, acha nisugue. Tatizo ni kilicho chini yake. Chini kuna aluminiamu laini, ni kama kigae kilichowekwa juu ya udongo mbichi, kigae kigumu lakini ukikikandamiza mahali pamoja udongo unabonyea na kigae kinapasuka. Ndo kinachotokea ukikandamiza na stiliwaya au na chembe ya mchanga iliyonasa kwenye kitambaa.

Zaidi ya kukwaruza kuna kuliwa na kemikali, na ushahidi wake tunao jikoni. Sufuria ukipikia mlenda wa magadi inabaki nyeusi ndani, siku ukipikia nyanya nyingi au ukakamulia ndimu inatakata. Watu wanasema nyanya inasafisha. Ukweli ni kwamba magadi ni alkali na nyanya ni asidi, na aluminiamu huwa inaliwa na zote mbili, mmoja anakula na kuacha weusi, mwingine anakuja kula ule weusi. Gamba la oksidi linatulia kwenye pH, yaani kile kipimo cha ukali wa asidi na alkali, 7 ikiwa katikati, ya kama 4 mpaka 8 na nusu, ukitoka hapo kwenda juu au chini linaanza kuyeyuka. Ndimu iko kwenye 2 hivi. Siki chini ya 3. Jiki inaanzia 11 kwenda juu. Kostiki ya kuzibulia mabomba usiombe, ile inakula mpaka chuma cha ndani huku inatoa povu na gesi. Sasa chukua zile mbinu watu wanazorushiana, ndimu na chumvi, siki na magadi, dawa ya choo, utaona wote wanamshauri mtu atoke nje ya hiyo 4 mpaka 8 na nusu.

Kuna kundi moja hapa Dodoma nalionea huruma, mainjinia na mafundi wa saiti. Mji wote unajengwa, mtu anafungulia laptopu pembeni ya zege linachanganywa, tone la maji ya simenti linarukia, anasema nitafuta baadae. Maji ya simenti yana pH ya 12 na zaidi, ni alkali kali kuliko jiki nyingi. Ukifuta hapohapo na maji mengi kwenye kitambaa inasaidia, ukiliacha likauke mpaka jioni unakuta doa jeupe la vumbi vumbi na ukucha ukipita hauhisi kitu. Hilo limeshakula.

Je, bodi yako ni chuma kweli?

Kabla ya kugusa chochote hakikisha hilo, maana laptopu nyingi zinazoonekana za chuma ni plastiki iliyopakwa rangi ya fedha, au ni magnesiamu iliyopakwa rangi, au mfuniko ni aluminiamu na sehemu ya kuwekea viganja ni plastiki. Niliingia mkenge huo mwenyewe, mwaka wa kwanza pale UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, laptopu yangu ya kwanza, niliamini ni chuma kwa sababu inang'aa, palikuwa na doa la wino karibu na tachipedi nikachukua rimuva ya kucha ya dada mmoja wa hosteli. Rimuva nyingi ni asetoni. Nilifuta mara moja, ya pili kidole kikawa kinateleza, nikadhani wino unatoka, kumbe plastiki ndo inalainika. Ilipokauka ilikuwa na alama za vidole vyangu zimechorwa mle kabisa kama za kwenye fomu ya kitambulisho. Nimeitumia miaka mitatu ikiwa na sahihi yangu.

Kuitambua: chuma ukikigusa asubuhi kinakuwa cha baridi kuliko meza, plastiki haina baridi hiyo. Ukigonga na ukucha plastiki inalia nzito, kama kopo. Angalia kwenye kingo za matundu ya chaja na USB, pale kwenye rangi kuchubuka, kama chini kuna cheusi au cheupe kisichong'aa ni plastiki. Sumaku haisaidii, aluminiamu haishikwi na sumaku, tena ndani ya mifuniko mingi wameweka sumaku zao kwahiyo itakudanganya. Na kama una wasiwasi chukulia ni plastiki iliyopakwa rangi, utakuwa mpole na hakuna hasara.

Thina kwa maana hiyo sahau kabisa. Thina ya dukani ni mchanganyiko, mara nyingi kuna tolueni na asetoni ndani, inaondoa rangi ya gari itashindwaje ya laptopu. Kwenye aluminiamu tupu ya anodaizi inaweza isifanye kitu, lakini laptopu ina mipira ya kuzunguka kioo, herufi za kibodi, nyavu za spika, gundi ya ndani inayoshika kioo, na thina ikichuruzika haichagui.

Vumbi kwanza, halafu maji

Huku kati kuna ukame, upepo unaanza mwezi wa saba mpaka mvua ije, na vumbi letu lina mchanga mwingi ndani. Mchanga ni kwatzi, mgumu kuliko plastiki, kuliko aluminiamu, na una uwezo wa kuacha alama hata kwenye kioo. Kwahiyo ule mtindo wa kuchukua tishu kavu na kufuta mfuniko wenye vumbi ni kupiga msasa. Puliza kwanza, au tumia brashi laini, ile ya kupakia rangi ambayo haijawahi kutumika inafaa sana, ndo uje na kitambaa. Hili ndo jambo moja ambalo ukilifanya na mengine yote ukaacha, laptopu yako itazeeka vizuri. Na wenye yale makava magumu ya plastiki ya kuvalisha, vueni mara moja moja, vumbi linaingia kati linasaga kimya kimya, siku mkivua mnakuta pembe zote zimechorwa.

Kitambaa: kile cha maikrofaiba cha miwani ndo mfalme. Fulana ya pamba iliyochakaa inafaa. Kanga mpya hapana, maana ikikutana na spiriti inachuja rangi na utakuwa umeongeza doa lingine la bluu. Tishu inaacha nyuzi.

Maji nayo. Visima vingi huku maji yake yana chumvi, ukiangalia birika lako ndani utajua, na maji hayo yakikauka juu ya chuma cheusi yanaacha michirizi meupe halafu mtu anadhani laptopu imefubaa. Tumia maji ya kunywa ya chupa, unahitaji vijiko viwili tu. Ila usiende dukani kuomba maji ya betri bila kusoma chupa, kwa sababu huku tunaita maji ya betri vitu viwili tofauti, maji safi ya kuongezea na asidi ya kujazia betri mpya, na hiyo ya pili ni ileile asidi ya salfa.

Kitambaa kiwe na unyevu tu, ukikikamua kisidondoshe hata tone, na usipulizie wala kumwagia kitu laptopuni moja kwa moja, siku zote unalowesha kitambaa. Na chaja iwe imechomolewa. Ukishawahi kupitisha mkono kwenye laptopu ya chuma inayochaji ukahisi kama bodi inatetemeka au inakuna, ni umeme mdogo unaovuja kupitia chaja za pini mbili zisizo na waya wa ardhi, hauui lakini sio wakati wa kushika vitu vyenye maji.

Kila uchafu na kinachouyeyusha

Hapa ndo kuna utamu. Watu wanatafuta dawa moja ya madoa yote, haipo, kwa sababu kitu kinayeyuka kwenye kitu kinachofanana nacho. Mfano soda, juisi, chai ya maziwa, au mvinyo wetu wa zabibu, mtu anamwagikiwa anakimbilia spiriti. Sukari haiyeyuki kwenye alkoholi, karibu haiyeyuki kabisa, inayeyuka kwenye maji. Utafuta na spiriti nusu saa itabaki inanata, halafu kitambaa chenye maji ya uvuguvugu kilazwe dakika mbili juu yake, kwisha. Mvinyo na juisi ya zabibu viwahi mapema kwa sababu vina asidi pia.

Mafuta ya mikono, yale mabaka ya giza pembeni ya tachipedi, hayo ni jasho, mafuta ya ngozi, losheni na vumbi. Maji peke yake yanateleza juu. Hapo unatia tone moja la sabuni ya maji ya vyombo kwenye glasi ya maji, unalowesha, unakamua, unafuta, halafu kitambaa kingine chenye maji matupu, halafu kikavu. Tone moja nasema. Na sabuni za kutengeneza mtaani zile za dumu, sizisemi vibaya maana hata dada yangu anatengeneza, ila zinatoka kwenye salfoniki ambayo ni asidi na sodaashi ambayo ni alkali, na vipimo vya mtu na mtu vinatofautiana, leo inaegemea asidi kesho alkali. Kwenye vyombo haina shida, kwenye laptopu tumia ya kiwandani. Sabuni ya mche nayo ni alkali na inaacha ukungu mweupe.

Wino wa maka peni ni rangi iliyoshikwa na utomvu, na uliwekwa pale kwa alkoholi, kwahiyo alkoholi inauondoa. Kama huna, chora juu yake na maka ya ubao mweupe, futa ungali mbichi, unatoka nayo kwa sababu wino wa ile nao una alkoholi. Ila ukikuta kilichoandikwa ni namba ya mali ya ofisi, ile yenye mikwaju na herufi nyingi, hiyo sio doa, iache, utakuja kuulizwa.

Alkoholi gani sasa? Nzuri ni ya isopropili ya asilimia 70. Apple kwenye maelekezo yao wanaruhusu kufuta bodi na vitambaa vyenye isopropili ya asilimia 70, na wanakataza bleach, yaani vitu kama jiki, na hidrojeni peroksaidi. Ya 70 ina maji ndani kwahiyo haikauki haraka, inapata muda wa kufanya kazi, ile ya 99 inapaa kabla haijashika kitu, hasa kwenye joto letu la mwezi wa kumi na moja. Spiriti ya duka la dawa inafaa pia, lakini soma lebo, nyingine zimewekwa mafuta ya kulainisha ngozi na zinaacha utando. Na sanitaiza sio spiriti jamani. Ile ya gel imewekwa vitu vya kuifanya iwe nzito, na hata ya maji kwenye kanuni ya Shirika la Afya Duniani ina glisarini na peroksaidi kidogo ndani yake. Unafuta, inanukia vizuri, baada ya saa moja laptopu inanata kama imepakwa asali. Kuna kijana aliniuliza kuhusu Konyagi. Alkoholi yake ni kama theluthi tu, kinachobaki karibu chote ni maji, kainywe.

Tahadhari moja, mvuke wa isopropili safi unaweza kushika moto kuanzia nyuzi joto 12 hivi, na Dodoma hatushuki sana huko, kwahiyo usifanyie jikoni penye mkaa, na usiwashe laptopu mpaka ikauke kabisa. Kioo cha laptopu usikiguse na alkoholi, vingi vina utando wa kuzuia mng'ao na unababuka, kioo ni maji na maikrofaiba basi.

Gundi ya stika nimeiacha mwisho kwa sababu ndo inaumiza wengi. Kosa la kwanza ni kuvuta stika haraka, karatasi inachanika na gundi yote inabaki. Ipashe moto kwanza, gundi inalainika, lakini kama stika iko kwenye mfuniko kumbuka upande wa pili kuna kioo, na chini ya viganja kuna betri, kwahiyo drayer ya saluni iwe mbali, moto mdogo, sekunde ishirini hivi, uguse na mkono, ukishindwa kuweka mkono umezidisha. Mimi napenda kitambaa kilicholoweshwa maji ya moto kikakamuliwa vizuri kikalazwa juu. Usianike juani, betri haitakusamehe. Halafu inua kona na ukucha au kadi ya benki iliyoisha muda, vuta taratibu ukilaza stika nyuma kama unamenya ndizi, usiivute kwenda juu. Wembe hapana, hata kama mkono wako hautetemeki.

Iliyobaki usiisugue. Chukua solotepu, igandamize juu ya gundi, vuta, rudia, gundi inapenda gundi mwenzake, robo tatu inaondoka hivyo bila dawa yoyote. Kinachobaki jaribu spiriti, laza kitambaa dakika moja kisha sukuma kwa kidole kwa kuzungusha, utaona inajikunja vipunje kama ugali mkavu. Isipokubali hiyo ni gundi ya jamii ya mpira, hiyo inataka mafuta. Na hapa sisi wa kati tumebarikiwa, alizeti ipo kila nyumba. Lowesha kipande cha pamba na alizeti, kilaze juu ya gundi tu, mbali na spika na bawaba, uende ukanywe chai robo saa. Mafuta yanaingia ndani ya gundi polepole yanaifanya ishindwe kushika bodi. Futa, halafu maji ya sabuni kutoa mafuta, halafu spiriti kumalizia. Hayanuki, hayali plastiki, hayawaki kama petroli. Mafuta ya taa yanafanya kazi pia na haraka kuliko alizeti, ila harufu utakaa nayo wiki nzima mpaka kwenye mkoba.

Wakati mwingine gundi inaisha na bado umbo la stika linaonekana, pale ilipokuwa ni peusi zaidi au pamekolea kuliko kwingine. Safisha bodi nzima kwanza, mara nyingi pale ndo pasafi na kwingine kote ndo kuchafu. Ukishasafisha na umbo bado lipo, basi ni rangi ya kwingine imepauka kwa jua na mwanga, stika ilikuwa inakinga. Hapo ukisugua unahangaika bure.

Kuhusu dawa ya meno, naulizwa kila wiki. Ina chembe za kusagia, silika au chokaa, imetengenezwa kusugua jino. Inachofanya kwenye bodi ni kupunguza kidogo kidogo gamba mpaka sehemu hiyo ing'ae tofauti na jirani zake, na zile sponji nyeupe zinazoandikwa za maajabu nazo ni msasa laini tu.

Halafu kuna vidoti vyeusi au vyeupe pembeni ya pale unapolaza viganja, kama tetekuwanga. Hivyo ni chumvi ya jasho imepenya palipokuwa na ufa kwenye gamba ikaanza kula aluminiamu chini. Ukucha unavihisi, vinakwaruza. Havisafishiki, unachoweza ni kuvizuia visienee kwa kufuta jasho kila siku, na ofisi zenye feni moja watu wanane wananielewa.

Sasa dada wa kanga. Nilimwambia ukweli, kurudisha ile rangi ingebidi mfuniko ufunguliwe kila kitu, gamba lote liyeyushwe, uanodaiziwe upya, na rangi bado isingefanana na chini. Bei rahisi ni kutafuta mfuniko wa laptopu kama hiyo iliyokufa. Peni ya rangi ya kijivu inaonekana kama kiraka. Akauliza mfuniko shilingi ngapi, nikamtajia ya mafundi wa Dar, akafunga kanga yake vizuri akasema ahsante kaka ngoja nitafakari. Wiki iliyofuata nikamuona kwenye daladala ya Mtumba laptopu iko mapajani, pale kwenye duara kabandika stika ya kishada cha zabibu, kubwa kuliko ile ya kwanza. Nikamwambia siku ukitaka kuitoa, anza na alizeti.